King'amuzi Kiwe Ufunguo, Kisiwe Kufuli

Mwanzoni mwa mwezi wa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari juu ya kimbunga kilichopewa jina la Hidaya, kilichokuwa kikija kutoka Bahari ya Hindi kuelekea mwambao wetu. Tarehe 4 ya mwezi huo kimbunga kilifika kisiwani Mafia, na safari za boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasitishwa. Katika siku kama zile, mvuvi aliyeko dago, mzee mwenye mwanawe ng'ambo ya maji, na mfanyabiashara mwenye mzigo bandarini, wote huwa na haja moja. Wanataka kujua kinachokuja, na wanataka kukijua mapema.

Hapo ndipo tunapouliza swali ambalo kwa wengine litaonekana dogo. Mwananchi huyo akiwasha televisheni yake, je, ataipata habari hiyo, au atakuta maneno yanayomtaka kwanza alipe ada ya mwezi?

Kwa wakaazi wa visiwa, swali hili si la anasa. Tumezungukwa na bahari pande zote, na bahari haimsubiri mtu akatafute fedha. Ndiyo maana leo tumeona yafaa kuzungumzia chombo kidogo kinachokaa pembeni mwa televisheni, ambacho wengi tunakiita king'amuzi, na haki ya kila mwananchi kukitumia kupokea matangazo ya wazi bila ya malipo.

Zanzibar si mgeni wa televisheni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilianzishwa hapa TVZ, kituo kilichorusha picha za rangi wakati nchi nyingi za Afrika hazikuwa na televisheni ya aina yoyote. Wenzetu wa Tanzania Bara walisubiri hadi mwaka 1994 ndipo vituo vya kwanza vikaanza kurusha matangazo kwao. Enzi hizo aliyekuwa na televisheni na antena alikuwa amemaliza safari. Aliyekuwa hana alikwenda kwa jirani, akakaa juu ya mkeka barazani pamoja na watoto wa mtaa mzima, na hapana aliyeulizwa kadi wala risiti.

Kisha dunia ikageuka. Mwaka 2006, mjini Geneva, chini ya Umoja wa Mawasiliano wa Kimataifa, nchi za Ulaya, za Afrika na za Mashariki ya Kati zilikubaliana kuachana na mfumo wa kizamani wa analojia na kuhamia mfumo wa dijitali. Tarehe 17 Juni 2015 iliwekwa kuwa ukomo wa safari hiyo. Tanzania haikusubiri ukomo huo. Usiku wa tarehe 31 Disemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na miji mingine ya Bara ikafuata. Nasi wa Visiwani tukaingia katika safari hiyo hiyo, na televisheni za zamani zikahitaji king'amuzi ili zipate kusema tena.

Hatusemi kuwa mabadiliko hayo yalikuwa mabaya. Katika mfumo wa kale, njia moja ya masafa ilibeba kituo kimoja tu. Katika mfumo mpya, njia hiyo hiyo hubeba vituo kumi na zaidi, tena kwa picha safi isiyokuwa na chenga. Faida hiyo ni kubwa. Lakini haikutosha kuwaambia wananchi kuwa zamani imepita. Ilipasa pia waelezwe kwa lugha nyepesi ni kitu gani kilichobadilika, na ni kitu gani ambacho hakikupaswa kubadilika.

Kilichobadilika ni lugha ambayo mnara unaizungumza. Televisheni ya zamani haiijui lugha hiyo, na king'amuzi ndicho mkalimani wake. Hupokea mawimbi kutoka kwenye antena, huyafasiri, kisha huipa televisheni picha na sauti kwa waya. Kazi yake ni hiyo, wala hapana jambo katika kazi hiyo linalohitaji ada ya kila mwezi. Kadi na malipo ni mambo yaliyoongezwa na wafanyabiashara wanaofunga vipindi vyao kwa kufuli ya kielektroni ili wavifungue kwa anayelipa. Kituo kisichofungwa kufuli hupokelewa na king'amuzi chochote cha wazi kinachoifahamu lugha ya mnara, leo na miaka kumi ijayo.

Jambo ambalo halikupaswa kubadilika ni ile haki ya kale: kwamba matangazo ya umma yapitayo hewani ni ya kila aliye chini ya hewa hiyo.

Hapa lazima tuwe waadilifu. Hatuna ugomvi na makampuni ya televisheni za malipo. Anayetaka kutazama mechi za mpira za Ulaya au filamu za nchi za nje, na ana uwezo, alipe na astarehe. Biashara halali ni riziki ya watu. Tunalolikataa ni kuchanganywa kwa mambo mawili, hata mwananchi akaamini kwamba king'amuzi na ada ni pacha wasioachana. Wako wananchi ambao malipo yao yakikatika huizima televisheni na kuifunika kitambaa, wakidhani kuwa hewa nzima imefungwa. Hawajui kwamba vipo vyombo vinavyonunuliwa mara moja tu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, lakini na mwenye elimu naye anao wajibu wa kuisema bila ya kungoja kuulizwa.

Wenzetu wa Bara wameyaonja matatizo ya kuchanganya mambo haya. Mwezi wa Agosti 2018, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliyazuia makampuni ya setilaiti ya malipo kubeba vituo vya ndani vya bure, kwa hoja kwamba leseni zao hazikuwaruhusu. Sheria ilikuwa na hoja yake, na makampuni yalikuwa na yao. Lakini mtazamaji aliyetegemea dishi peke yake kwa ajili ya taarifa ya habari aliondokewa na vituo alivyovizoea. Somo tunalolipata ni kwamba habari za umma zisitegemee mlango wa mtu mwingine. Lazima uwepo mlango wa umma wenyewe, nao ni mnara wa ardhini na king'amuzi cha wazi.

Iko hoja nyingine ambayo tungependa viongozi wetu waipime. Kuhamia dijitali kuliyaacha wazi masafa mengi yaliyokuwa yakitumiwa na televisheni, na sehemu ya masafa hayo ikaelekezwa katika mawasiliano ya simu. Mwaka 2018 Tanzania ilinadi masafa ya megahezi 700 kwa makampuni ya simu. Mali hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ilipatikana kwa sababu wananchi, matajiri kwa maskini, walikubali televisheni zao za zamani zinyamaze. Mtu aliyetoa sehemu ya baraza yake ili barabara ipite hastahili kutozwa kila apitapo katika barabara hiyo. Vivyo hivyo, mwananchi aliyeiachia nchi masafa hayo anadai kitu kidogo sana, nacho ni kupata matangazo ya umma bila ya ada.

Nchi nyingine ziliuona wajibu huo. Marekani, kabla ya kuzima mitambo yake mikubwa ya analojia tarehe 12 Juni 2009, ilizipa kaya zilizoomba hadi hati mbili za dola 40 kila moja, ili zisaidie kununua ving'amuzi vya kupokelea matangazo ya bure. Uingereza, iliyokamilisha safari yake mwezi wa Oktoba 2012, iliweka mpango maalumu wa kuwasaidia wazee wa miaka 75 na zaidi pamoja na watu wenye ulemavu. Nchi hizo ni tajiri kuliko sisi, hilo hatulikatai. Lakini ikiwa tajiri aliona kuwa mzee wake hawezi kuachwa peke yake, itakuwaje kwetu sisi?

Zanzibar inao mfano wake wa kujivunia. Tangu mwezi wa Aprili 2016, Serikali ya Mapinduzi inawalipa wazee waliofikia umri wa miaka 70 Pencheni Jamii, bila ya kuuliza nani aliajiriwa na nani alilima au kuvua. Wachache katika bara letu wamefanya hivyo. Sasa tujiulize: ni busara fedha hizo, alizopewa mzee ili anunue mchele na dawa, zipungue kila mwezi kwa sababu tu anataka kusikia taarifa ya habari ya Serikali hiyo hiyo iliyompa? Kutoa kwa mkono wa kulia na kuacha kinyang'anywe kwa mlango wa nyuma si utaratibu mwema.

Hata hivyo, king'amuzi cha bure hakina maana mahali ambapo mawimbi hayafiki. Hapa tunazungumza na wataalamu. Masafa ya televisheni husafiri karibu na mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo. Mtambo uliosimama kwenye kimo cha mita 100 juu ya usawa wa bahari huona kiasi cha kilomita 41 tu hadi kwenye ukingo wa upeo wake. Kutoka mjini Unguja hadi Chake Chake ni zaidi ya kilomita 100. Kwa hiyo hapana mnara wa Unguja utakaoihudumia Pemba. Pemba inahitaji mitambo yake yenyewe, na kwa kuwa ardhi yake ni ya vilima na mabonde, mtambo mmoja hautafika kila mahali. Kijiji kilicho nyuma ya kilima kinahitaji kirudishio kidogo cha mawimbi. Watu wa Kojani, Fundo, Makoongwe, Kisiwa Panza, Tumbatu na Uzi nao ni wananchi, na kisiwa hakikosi haki kwa sababu ni kidogo.

Jambo hili lina uzito zaidi katika dijitali kuliko zamani. Mawimbi ya analojia yalipodhoofika, picha ilijaa chenga, lakini sauti ilisikika na mtu aliambulia habari. Mawimbi ya dijitali yakidhoofika kupita kiasi, picha hukatika vipande, kisha hutoweka kabisa. Ndiyo kusema kwamba mwenye usikivu hafifu zamani alipata nusu, na leo huenda asipate chochote. Haitoshi, basi, kusema kwamba mkoa fulani umefikiwa. Yafaa usikivu upimwe shehia kwa shehia, na matokeo yake yabandikwe katika ofisi ya kila sheha ili mwananchi ajue kama tatizo liko kwenye mnara au kwenye paa lake.

Nako kwenye paa kuna mengi ya kujifunza. Baadhi ya watu hukilaumu king'amuzi ilhali kosa ni la antena. Antena iliyowekwa ndani, chini ya bati, ni kama sikio lililozibwa pamba. Kuta nene za Mji Mkongwe nazo hunywa mawimbi. Antena ya UHF ikiwekwa nje, juu, na kuelekezwa penye mnara, mara nyingi hufanya kazi ambayo pesa haikuweza. Wala si lazima iwe ya bei kubwa. Mawimbi ya megahezi 600 yana urefu wa nusu mita, kwa hiyo hata vipande viwili vya waya mgumu, kila kimoja kiasi cha sentimita 12, vikitenganishwa kidogo na kuungwa vizuri kwenye waya wa antena, hutosha kujaribia mahali penye mawimbi ya nguvu. Lakini maungio yafungwe yasiingie maji, kwani chumvi ya bahari yetu hula shaba upesi.

Tunayo pia nasaha kuhusu madukani. Visiwa vyetu ni visiwa vya biashara, na televisheni huletwa kutoka kila upande wa dunia, mpya na zilizotumika. Maandishi ya kusema kuwa televisheni ni ya dijitali hayatoshi. Nchi za Kusini mwa Afrika, Tanzania ikiwemo, zilikubaliana mwaka 2010 kuhusu kiwango kiitwacho DVB-T2. Televisheni iliyotengenezwa kwa soko la Marekani au la Japani ina lugha nyingine kabisa. Ile ya zamani kidogo kutoka Ulaya huenda ikawa na DVB-T bila ya ile 2, nayo haitaisikia minara ya DVB-T2. Mnunuzi aulize neno hilo kamili kabla ya kutoa fedha. Aliyekwisha kununua asiitupe televisheni yake, kwani king'amuzi cha nje cha DVB-T2 kitaiokoa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tena aangalie kama chombo kile kinapokea kila kituo cha wazi, au kimefungwa kwa kampuni moja. Kilichofungwa kwa kampuni moja, siku kampuni hiyo itakapoondoka au kubadili mitambo, kitabaki pambo la mezani. Cha wazi kitaendelea kutumika maadamu mnara unaendelea kusema lugha ile ile. Vingi katika vyombo hivi hutumia umeme wa volti 12 na wati chache tu, kwa hiyo vyaweza kuendeshwa kwa betri na sola. Wakaazi wa Unguja, walioishi gizani kwa miezi mitatu tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 ulipoharibika mfumo wa umeme utokao Bara, hawahitaji kuelezwa faida yake.

Tunafahamu kuna watakaosema kwamba mambo haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa leo kila kitu kimo ndani ya simu. Tunawajibu kwa heshima. Simu hula vifurushi, na vifurushi ni fedha. Isitoshe, siku ya dharura, pale kila mtu anapopiga simu kwa wakati mmoja, mitandao huelemewa. Mnara wa matangazo hauelemewi na wingi wa wasikilizaji. Wakiwa mia au laki moja, kwake ni sawasawa. Hapajapatikana njia nyingine ya picha iliyo rahisi kama hiyo ya kuzungumza na watu wote mara moja.

Rai yetu, basi, ni hii. Kwanza, Serikali itoe tamko lililo wazi, na kulitia katika masharti ya leseni, kwamba idhaa ya umma ya Zanzibar itapokelewa katika kila king'amuzi kinachouzwa Visiwani kwa matangazo ya ardhini, bila ya kadi na bila ya ada, hata kama mwenye chombo hajalipa vituo vingine. Pili, vyombo viingiavyo bandarini vikaguliwe, na juu ya boksi pabandikwe lebo ya Kiswahili inayosema kama chombo ni cha wazi au cha kampuni moja. Tatu, usikivu upimwe kila shehia, na Pemba pamoja na visiwa vidogo vianziwe. Nne, wazee wa Pencheni Jamii, skuli na vituo vya afya vifikiriwe kwanza katika mpango wowote wa msaada.

Utangazaji si jambo la Muungano, nao una Tume yake hapa Zanzibar iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1997. Masafa yenyewe husimamiwa na Mamlaka ya Muungano. Tunaomba mgawanyo huo usiwe kisingizio cha ofisi moja kuinyooshea kidole nyingine. Mwananchi wa Micheweni hajui mpaka wa mamlaka hizo uko wapi, wala hana haja ya kuujua. Anachojua ni kama picha ipo au haipo.

Kwa upande wetu wananchi, tuache kununua kwa pupa, tuulize, tupandishe antena zetu juu ya mapaa, na tunapokosa usikivu tupeleke taarifa kwa sheha badala ya kulalamika barazani tu. Haki isiyodaiwa husahauliwa hata na mwenye kuitoa.

Waliotangulia walileta televisheni visiwani humu wakati nchi yenyewe ilikuwa na kidogo. Kizazi chetu kimekuta mnara umesimama na chombo kinauzwa dukani. Kazi iliyosalia ni ndogo, nayo ni kuhakikisha kwamba siku ambayo bahari itachafuka tena, mzee wa Makunduchi na mvuvi wa Kojani watawasha televisheni zao na kuambiwa, bila ya kuulizwa kwanza kama wamelipa.